Majeruhi Naye Apigiwe 115

Sisi wa Kwamndolwa, wilayani Korogwe, tumechoka kuwa gari la wagonjwa. Gari likipinduka kwenye lami inayotoka Segera kupita Korogwe kwenda Mombo, au pikipiki ikigongwa kwenye njia ya Handeni, wa kwanza kufika ni muuza machungwa, kijana wa bodaboda, mama aliyekuwa anatoka shamba na jembe begani. Hao ndio wanaovuta watu kwenye vioo. Hao ndio wanaopekua mfuko wa majeruhi wapate simu ya kumwita ndugu yake. Polisi huja, zimamoto huja, na umbali wao tunaujua. Lakini dakika zile za mwanzo, damu inapochuruzika, zinatuangukia sisi, na tunazipokea mikono mitupu.

Januari 13, 2025, huko Segera wilayani Handeni, watu walikwenda kuwasaidia wenzao waliopata ajali. Wakiwa bado barabarani, lori likawaparamia. Walikufa watu 11 na wengine 13 wakajeruhiwa. Rais alituma rambirambi, viongozi walifika, maziko yakafanyika, na magazeti yakahamia habari nyingine. Kwetu haijahama. Kila aliyewahi kukimbilia ajali kwenye barabara hii anajua kwamba siku ile angeweza kuwa yeye. Hakuna aliyewahi kutukalisha chini akatufundisha kwamba kabla ya kumgusa majeruhi, mmoja wenu arudi nyuma hatua za kutosha na matawi na mwanga, asimamishe magari. Hakuna kizibao cha kuakisi mwanga kilichoachwa kwa mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya usiku kama huo. Tunaokoa kwa huruma tu, na huruma peke yake haionekani kwenye taa za lori.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa upande wetu huu. Februari 3, 2023, usiku, Coaster iliyokuwa imebeba mwili wa marehemu na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo iligongana na Fuso huko Magila Gereza, hapa hapa wilayani Korogwe. Taarifa ya kwanza ilitaja vifo 17. Waliokuwa hai walipelekwa hospitali ya Magunga, na wengine wakasogezwa hadi hospitali ya Bombo, Tanga. Tunawashukuru watumishi waliokesha usiku ule, kwa moyo wote. Hospitali yoyote ya wilaya ikimiminiwa majeruhi kwa pamoja usiku wa manane inaelemewa, na hilo si kosa la nesi aliyekuwa zamu. Kinachotuuma ni kwamba barabara hii haijaanza juzi kuua watu. Inajulikana, kona zake zinajulikana, na saa zake mbaya zinajulikana.

Tangu Oktoba 1, 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku na mchana. Tumefurahi kama wafanyabiashara. Mama anayeuza chai na vitumbua stendi ya Korogwe anapata wateja hata saa nane usiku. Lakini ukiruhusu barabara iwe hai saa 24, hospitali zilizo kando yake nazo zinapaswa kuwa hai saa 24, kwa maana ya watu na vifaa vilivyomo ndani, taa ya getini pekee haitoshi. Usiku ndipo daktari anaitwa kutoka nyumbani kwake. Usiku ndipo fundi wa eksirei anasubiriwa. Usiku ndipo mtu wa maabara hapokei simu kwa sababu amekuwa kazini tangu asubuhi na hana wa kumpokea. Uamuzi wa kufungua barabara ulikuwa wa taifa. Mzigo wake umeshushwa kwenye wilaya, na wilaya imeushusha kwa nesi mmoja wa zamu.

Sasa tuseme jinsi tunavyombeba mtu. Kijana kavunjika paja. Analia, mguu umepinda pasipo na goti. Tunatandika khanga, tunamwinua wanne, tunampakia mshikaki kwenye bodaboda: dereva mbele, majeruhi katikati, ndugu nyuma anamkumbatia asianguke, na mguu uliovunjika unaning'inia ukipigapiga kila tuta. Tunajua kuwa si sawa. Tunaona uso wake. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi mwilini, na paja likivunjika linaweza kumeza zaidi ya lita moja ndani kwa ndani, bila tone kuonekana nje. Mifupa ikiwa inacheza, damu inaendelea kutoka. Mabanzi mawili ya mbao na vitambaa vya kufungia vingepunguza sehemu kubwa ya mateso hayo, na mbao hapa kwetu hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kutuonyesha pa kufunga na pa kutofunga. Aliyeumia shingo naye tunambeba vivyo hivyo, kichwa kikiyumba, na pengine aliyekuwa bado anahisi miguu yake anafika akiwa haihisi. Ni jambo linalotunyima usingizi.

Mambo haya yanafundishika. Kampala, Uganda, mwaka 2008 walifundishwa polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, zaidi ya watu 300, namna ya kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kumbeba aliyevunjika. Hawakugeuzwa madaktari. Walifundishwa kwa sababu wao ndio wanaofika kwanza, kama sisi. Hapa kwetu vijana wa bodaboda wana vijiwe, wana viongozi, wana vitabu vya majina. Ni watu walio rahisi kuliko wote kukusanywa chini ya mwembe kwa siku mbili. Wanaitwa kwa ajili ya leseni, wanaitwa kwa ajili ya faini, wanaitwa siku za kampeni wasindikize misafara na wawekewe mafuta. Kwa hili hawajaitwa.

Tunafika kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha manung'uniko yetu. Nchi hii inayo namba ya bure, 115. Mama mjamzito akishikwa na uchungu wenye matatizo, au aliyejifungua akitokwa na damu, au kichanga kikibadilika, namba hiyo inapigwa. Anapokea muuguzi wa kituo cha uratibu, anauliza dalili, anaamua apelekwe wapi, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Gari likiwa mbali au halipo, anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika jamii, dereva anamchukua mama, na malipo yake yanaingia kwenye simu. Familia haitoi senti. Mpango unaitwa m-mama. Ulianzia kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa ili uenee nchi nzima. Wake zetu na dada zetu wamepanda magari hayo. Tunauheshimu mpango huu kwa sababu tumeuona ukifanya kazi vijijini, kwenye njia ambazo mvua za masika huzigeuza matope.

Basi swali letu ni hili, na tunaliuliza kwa uchungu: dereva yule yule, gari lile lile, muuguzi yule yule mwenye simu, kwa nini asipelekwe kwa kijana aliyelala mtaroni na paja lililovunjika? Ukipiga 112 unapata polisi. Ukipiga 114 unapata zimamoto. Ukitaka mtu wa afya aje kumfuata aliyejeruhiwa, hapa kwetu unapiga simu ya mtu unayemfahamu. Mwenye shemeji anayefanya kazi hospitali anapata gari. Asiye na shemeji anapata mshikaki. Kazi ngumu ya kujenga mfumo imeshafanyika: orodha za madereva zipo, vituo vya uratibu vipo, namna ya kulipa ipo. Kilichobaki ni kuupanua mlango na kuutengea fedha. Hatusemi mama apunguziwe ili majeruhi aongezewe, Mungu apishe mbali. Tunasema wote wawili wanatokwa na damu, na damu haiulizi imetokea wapi.

Haya, tumefika getini. Jina la hospitali hatulitaji, na wala si moja; wenzetu wa Handeni wanasimulia yale yale, na ndugu zetu walio mikoa mingine pia. Mara ya mwisho tulisikia maneno haya kwa masikio yetu. Bibi mmoja ameshika kichwa cha mjukuu wake, khanga imelowa hadi imekuwa nzito, damu inadondoka sakafuni. Akamwambia nesi, "Mwanangu, tusaidie, huyu anatokwa na damu." Nesi akajibu kwa sauti ya upole kabisa, "Shikamoo bibi. Mmekuja na PF3? Na mtu mmoja aende dirishani akachukue namba ya malipo." Alikuwa mpole, tunarudia. Lakini mikono yake haikugusa kile kichwa mpaka karatasi ilipopatikana, maana amefundishwa kuogopa karatasi kuliko damu.

PF3 ni hati ya polisi. Inasaidia upelelezi, inasaidia kesi, inasaidia hata madai ya bima, na sisi hatuipingi. Viongozi wa wizara wameshasema hadharani kwamba aliye katika hali ya dharura atibiwe kwanza na hati ifuate. Neno hilo likisemwa Dodoma linaonekana limekwisha. Huku chini halijabandikwa ukutani, halijaandikwa kwenye mwongozo anaoshika nesi wa zamu, na halina jina la mtu wa kuwajibika likivunjwa. Tunataka liandikwe kwa herufi kubwa mlangoni pa mapokezi, pamoja na namba ya simu ya mganga mfawidhi, ili yule bibi awe na mahali pa kunyooshea kidole. Na kituo cha polisi kikiwa mbali, askari aje hospitali na kitabu chake. Haiwezekani mtu aliyepasuka kichwa apakiwe tena kwenye pikipiki akatafute mhuri.

Kisha kuna duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Kila hospitali unayoijua ina duka hilo, na linakesha. Unapewa kikaratasi: glovu, dripu, nyuzi za kushonea, bandeji, sindano ya pepopunda, piopi ya kufungia mfupa. Ndugu anakimbia. Kama ana elfu kumi anarudi na nusu ya vitu, kisha anaanza kupiga simu kuchangisha. Wapo miongoni mwetu waliokata bima ya CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, wakaitoa kadi mfukoni kwa fahari, wakaambiwa kadi inakubalika ila vitu havipo. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tumeisikia, tunaisubiri, na tuko tayari kuchangia. Lakini kadi haishoni jeraha. Aliyelipa kabla na asiyelipa wote watakimbilia duka lile lile kama stoo ya hospitali haina uzi.

Tuwe wakweli kuhusu yaliyofanyika, kwa sababu mlalamikaji asiyeona jema hasikilizwi. Miaka ya 2000 ukizungumza habari ya idara ya dharura, watu hawakujua unasema nini. Palikuwa na chumba cha majeruhi tu, kitanda kimoja na pazia. Januari 2010 Muhimbili ilifungua idara ya kisasa ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, wa kupambana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa. Mashine za CT scan zikapelekwa hospitali za rufaa za mikoa. Mamia ya magari ya wagonjwa yakagawiwa katika halmashauri. Haya tumeyaona. Mtu akituambia hakuna kilichofanyika tutambishia.

Ila jengo la dharura lina masharti yake. Linataka mtu aliyefundishwa kumtazama majeruhi mara tu anapoingia na kusema huyu sasa hivi, huyu asubiri. Linataka oksijeni inayotoka, mashine ya kufyonza damu na matapishi kooni inayowaka, jenereta yenye mafuta. Linataka dawa ndogo ndogo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 40 kwa majeruhi zaidi ya 20,000, ukaonyesha kwamba dawa iitwayo asidi ya traneksamiki inapunguza vifo vya watu wanaotokwa damu, mradi itolewe mapema, ndani ya saa 3 tangu kuumia. Ni sindano ya kawaida, haihitaji bingwa. Hapa ndipo saa zetu zinapouma: ukijumlisha dakika za kungoja msamaria, za mshikaki, za PF3, za dirishani na za duka la ng'ambo, saa 3 zimeisha mgonjwa akiwa bado kwenye benchi, na ile sindano hata ikiwepo inakuwa imechelewa.

Uganda tena wametupita kwa jambo dogo. Katika hospitali za Mubende na Kawolo, Shirika la Afya Duniani na wenyeji wake walijaribu mambo ya gharama nafuu: kutenga eneo la kuhudumia walio mahututi, kutumia fomu moja inayoeleweka, orodha fupi ya kukagua kabla hujamwacha mgonjwa, na kozi ya siku 5 kwa manesi na madaktari wa kawaida. Vifo vikapungua. Kozi hiyo hiyo ilifanyiwa majaribio Tanzania pia, kwa hiyo wanaoijua wapo nchini. Tatizo tunalolijua sisi ni uhamisho. Nesi anafundishwa, anakuwa hodari, unamwona anavyosogea kwa haraka pasipo kelele, na mwaka haujaisha amepelekwa kliniki ya watoto au wilaya nyingine. Anakuja mgeni, anaanza upya. Hatuna ugomvi na kliniki ya watoto. Tunaomba mtu aliyefundishwa dharura abaki dharura walau miaka kadhaa, apewe posho ya usiku inayofika kwa wakati, na asiachwe peke yake kwenye zamu. Tumewahi kumwona nesi akilia stoo. Wanaosema watumishi hawana roho hawajawahi kukaa pale hadi alfajiri.

Rufaa nayo. Kutoka Korogwe hadi Tanga mjini ni karibu kilomita 100. Aliye Handeni anaanza na kilomita 65 za lami hadi Korogwe, kabla hajaanza hizo nyingine. Lami ya Handeni ilipokamilika ilituokolea saa nyingi, na wenye umri wanakumbuka vumbi na makorongo ya zamani. Kwa hiyo njia si kisingizio tena. Kisingizio sasa ni mafuta. Gari la wagonjwa lipo, limeegeshwa, jeupe na lina maandishi, lakini ndugu wanaulizwa kwa sauti ya chini kama wanaweza kuchangia dizeli. Wakichanga, linaondoka na dereva na ndugu, na nesi wa kusindikiza hayupo kwa sababu akiondoka wodi inabaki tupu. Majeruhi wa kichwa anasafiri hivyo karibu kilomita 100, hakuna wa kumfyonza koo akitapika, hakuna wa kuangalia oksijeni. Upande wa pili hawajaarifiwa, kwa hiyo anapofika anaanza upya kwenye benchi. Simu moja ya kusema tunawaletea mtu wa namna hii, muandae chumba na damu, haigharimu chochote. Kwa mama mjamzito simu hiyo inapigwa na kituo cha uratibu. Kwa mwingine, inategemea kama daktari wa zamu ana salio na anamjua mwenzake wa upande ule.

Na damu ya kuongezwa? Tunaombwa ndugu wawili watatu wa kutoa. Tunatoa, hatukatai. Lakini watu wa Coaster iliyotoka mbali wana ndugu gani Korogwe? Abiria wa basi la Arusha akiangukia mikononi mwetu ni sisi ndugu zake. Vijana wa sekondari zetu na wafanyakazi wa mashamba wangetoa damu kila baada ya miezi mitatu au minne kama wangefuatwa kwa ratiba inayojulikana, siyo kwa tangazo la ghafla la spika ya msikiti au kanisa pale maafa yanapokuwa yameshatokea.

Tumezungumza sana habari za barabara, na barabara ndiyo inayoua wengi kwa mkupuo, lakini kwetu kuna majeraha mengine yasiyofika kwenye redio. Huku ni nchi ya mkonge. Mwiba wa mkonge ukimwingia mkataji jichoni, ni dharura. Mkono ukivutwa na korona, mashine ya kusindika mkonge, ni dharura ya kutisha. Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe msimu wa maembe, mkulima akiumwa na nyoka shambani, mama akimwagikiwa na sufuria la uji, hao wote wanapita mlango ule ule, wanangoja benchi lile lile. Jengo likifaa kwa ajali ya basi litawafaa na hawa kila siku ya Mungu. Ndiyo maana hatukubali jibu kwamba ajali kubwa ni za nadra.

Nchi imeshapata mafunzo mazito. Mei 6, 2017 kule Karatu basi la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walionusurika walipata wasamaria kutoka Marekani waliokuwa wanapita njia ile, wakapelekwa kutibiwa Sioux City, Iowa, wakarudi nyumbani. Taifa lilishangilia na sisi tulishangilia. Wale ni watoto wetu. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililipuka, wakafa watu zaidi ya 100, na walioungua vibaya wakakimbizwa Muhimbili kwa sababu hospitali ya mkoa haikuweza kuwahudumia wote. Tunajiuliza: mtoto wa Kwamndolwa aliyevunjika uti wa mgongo leo jioni, pasipo kamera na pasipo msamaria wa kigeni anayepita, ana haki gani? Ibara ya 14 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Haijataja ajali yenye watu wengi tu.

Wanasema hela hakuna. Tusikilize na hilo. Kila gari na kila bodaboda nchini inatakiwa kisheria iwe na bima, walau bima ndogo, ile inayomlinda aliyegongwa. Fedha hizo hukusanywa kila mwaka. Ni wangapi kati yetu waliogongwa wakapata chochote? Wengi hawajui hata kwamba wanaweza kudai. Mtu anatoka wodini na deni, anakwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha kama mkosaji, ilhali gari lililomvunja lilikuwa na bima. Tunataka hospitali iwe na utaratibu wa kudai moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya bima ya gari lililosababisha ajali, mgonjwa akiwa kitandani anatibiwa. Fedha ya namna hiyo ikiingia, inanunua nyuzi, inanunua glovu, inanunua dizeli. Watu wa bima wakisema ni vigumu, watueleze ugumu uko wapi.

Inatuuma zaidi kwa sababu Korogwe si mahali pa watu wasiojua kazi ya afya. Chanjo ya malaria ya RTS,S, inayotolewa leo kwa watoto wa nchi kadhaa za Afrika, ilifanyiwa majaribio yake ya mwisho kati ya 2009 na 2014 katika vituo vichache tu barani, na Korogwe ilikuwa kimojawapo. Mama zetu waliwabeba watoto kwenda kuchomwa, wakarudi kila walipoitwa, kwa tarehe na kwa saa. Kumbukumbu ziliwekwa, vijiji vilitembelewa, magari yalikuwa na mafuta. Kwa hiyo inawezekana hapa, kwa watu hawa hawa.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Tumekubaliana kuyapeleka haya kwenye mikutano ya mitaa, na kwa wawakilishi wetu kwenye kamati za usimamizi wa vituo na kwenye Bodi ya Afya ya Halmashauri, ambao wengi wetu hatujui hata sura zao. Tunataka watusomee mbele ya watu: gari la wagonjwa lilitembea mara ngapi mwezi uliopita na lilikosa mafuta siku zipi, zamu ya usiku ya dharura ina watu wangapi kwa majina ya kazi zao, ni siku ngapi stoo haikuwa na uzi wa kushonea. Tunataka barua iende mkoani na wizarani kuomba 115 impokee na majeruhi, kuanzia barabara hii ya Segera hadi Buiko na ile ya Handeni. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wameshajiandikisha kwa ajili ya mafunzo ambayo hakuna aliyeyaahidi, na daftari liko kwa katibu wao. Kama jibu litakuwa kwamba fedha hazitoshi, tuandikiwe ni kiasi gani kinachopungua na kwa ajili ya kitu gani, kwa shilingi, tujue pa kuanzia kuchanga na pa kuanzia kudai.